Ramadhani Niliyojinyima Hewa

Kama unasoma haya huku umeegemezwa mito, mpira umepitishwa puani, na pembeni yako kuna mtu anayejifanya anaangalia dirisha kumbe anaangalia kifua chako kinavyopanda na kushuka, basi nakuandikia wewe. Usinijibu. Maneno yanakula pumzi, na pumzi yako ina kazi nyingine. Mimi nilikaa hivyo hivyo katika hospitali kubwa ya Tanga, ile miaka ya hamsini, Ramadhani ilipoangukia masika. Leo nina wajukuu, na ngazi bado nazipanda, ingawa nazipanda nikinung'unika.

Naitwa Zuhura. Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini, nikikaa Ngamiani na mume wangu Athumani, binti yetu Rukia ambaye ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yakaeleweka, na mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi. Athumani alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi muuza vitambaa. Mwezi wa Ramadhani kwake ulikuwa mwezi wa kukosa usingizi, kwa sababu mji mzima ulitaka kuswali Idi na nguo mpya, na mji mzima ulileta kitambaa katika siku kumi za mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache na ibada nyingi. Mama yake alipenda kuwaambia wageni kwamba mwanawe, tangu aanze kufunga akiwa mtoto wa chuo cha Kurani, hajapata kula mchana wa Ramadhani, hata mwaka alioumwa tetekuwanga.

Mimi nilikuwa mtu wa makumbi. Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja tukifukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani. Tuliyaacha miezi mpaka yaoze, kisha tukayafukua na kuyaponda kwa rungu tupate usumba wa kusokotea kamba. Ni kazi inayonuka, na ukirudi nyumbani hata paka anakukwepa, lakini ilikuwa na raha yake. Hakuna siri ya mtaa ambayo haikupondwa pale pamoja na makumbi. Nikifumba macho hata sasa naisikia ile milio ya rungu na kicheko cha shoga zangu, ambao wengi wao wamekwishatangulia mbele ya haki.

Mwezi wa Shaabani mvua ilitukuta huko matopeni, na kwa kuwa shimo lilikuwa limeshafunguliwa tukaona bora tumalize. Nilirudi nimelowa chapachapa. Usiku ule baridi ikaniingia mifupani, na kesho yake kichomi kikanishika ubavu wa kulia, kila nikivuta pumzi kama nachomwa na sindano ya kushonea magunia. Bi Mwanahamisi alinihudumia kwa kila alichokijua. Alinikanda kwa chumvi ya moto, akanipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akafunga dirisha ili upepo usinipate, na akafukiza ubani mpaka ukuta wa pili sikuuona. Alifanya kwa mapenzi, Mungu amlipe. Lakini mimi nilizidi kuzama, na asubuhi Athumani aliponiona midomo imegeuka rangi ya zambarau, aliacha kubishana na mama yake. Alikwenda kumwomba yule Mhindi gari, tukapelekwa hospitali njia ya Raskazone.

Benchi ya kungojea pale hospitali ilikuwa imesuguliwa na kanga za wanawake mpaka inang'aa. Palinuka dawa ya kudekia na nguo mbichi za mvua. Sikuweza kulala wala kukaa wima, kwa hiyo niliegemea bega la mume wangu mbele za watu. Enzi zile mke hakumwegemea mumewe hadharani, na mimi niliona haya kuliko nilivyoona maumivu. Nilijaribu kujitenga naye, akanivuta tena bila kunitazama, macho yake yako kwenye mlango wa bwana mganga, ndivyo tulivyomwita daktari. Mpaka leo nikipita mahali penye benchi ya mbao nalikumbuka lile bega, limelowa mvua na linanuka mafuta ya cherehani.

Walinilaza wodi ya wanawake. Walinichoma sindano za penisilini, kisha wakaleta mtungi wa hewa. Ulikuwa wa chuma, mweusi, shingo yake nyeupe, mrefu kunizidi, ukisukumwa juu ya kigari kilichokuwa kinalia. Wodi nzima ilinyamaza ulipopita, kwa sababu wagonjwa walijua kwamba aliyeletewa mtungi ndiye aliye taabani. Bi Mwanahamisi alinong'ona kalima ya shahada. Kutoka kwenye mtungi hewa ilipita kwanza katika chupa yenye maji, ikitokota kama maziwa jikoni, halafu ikaja kwa mpira mwembamba hadi ndani ya pua yangu. Nililala nikiitazama ile chupa. Kumbuka hiyo chupa, maana ndiyo iliyotaka kuniua, au tuseme mimi na hiyo chupa kwa pamoja.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama nikiwa kitandani.

Sasa lazima nikueleze kuhusu kopo langu. Nilikuwa nimezaa mara tatu na watoto wawili walikuwa wamefariki, na kila uzazi uliniachia siku za funga ambazo sikuzilipa. Kila siku niliyokula nilitia kokwa ya tende katika kopo, na kila siku niliyoilipa nilitoa moja. Lile kopo lilikuwa linajaa tu. Pale kitandani, nikisikia pafu langu linavyokwaruza, niliamini ninakufa, na kilichonitia hofu si kaburi. Ni kwenda mbele ya Mola wangu na kopo lile mkononi. Nikaweka nia kwamba Ramadhani hii, kama ndiyo ya mwisho, hataandikiwa Zuhura kokwa hata moja.

Sindano haikunisumbua, kwa sababu ilijulikana kuwa haiharibu funga. Uji wa mchana nilimpa jirani wa kitanda cha pili, mwanamke wa Kidigo kutoka Horohoro aliyevunjika mguu. Aliupokea kwa moyo mkunjufu na akanenepa katika mwezi mtukufu kuliko alivyonenepa mwaka mzima. Shida ikabaki ule mpira. Tumefundishwa kwamba kitu kikiingia kwa makusudi puani hadi ndani, funga imekwenda. Na hewa hii ilikuwa inapita majini. Koo langu lilikuwa bichi, nikaona hayo ni maji yananifikia kidogo kidogo. Basi tangu alfajiri nikiona wauguzi wako mbali, nauvuta mpira pembeni na kuulaza juu ya mto karibu na shavu, ili mtu akitazama kwa mbali aone uko mahali pake. Adhana ya magharibi ikilia naurudisha.

Athumani alipojua nafunga na mpira nautoa, alikwenda kumwuliza sheikh wa mtaa wetu. Akarudi na jibu kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kunywa, na kwamba hewa ni hewa, haina hukumu ya chakula. Mimi nikamwambia sheikh hakuiona ile chupa ya maji, na mimi naiona. Bi Mwanahamisi alikuwa upande wangu. Ule mtungi aliuchukia toka siku ya kwanza, na funga yangu ilimpa fahari. Alisema na wageni kule barazani kwamba mke wa mwanawe anafunga hata mauti yakiwa mlangoni. Mtu akishasifiwa namna hiyo, kurudi nyuma ni kazi.

Ikawa mchana nafa na usiku nafufuka. Usiku homa ilipungua, niliweza hata kutaniana na yule Mdigo. Ikifika adhuhuri nilikuwa siijui kauli yangu, kifua kinapiga mbio kama cha kuku aliyekimbizwa, na makohozi yametoka na rangi ya kutu. Sindano zile zile, mkono ule ule uliozichoma, na ugonjwa hausogei. Bwana mganga aliniangalia akakunja uso. Akaongeza dawa, na bado.

Aliyegundua ni nesi Perpetua, Mbondei kutoka Muheza, mwanamke mnene mwenye miguu ya haraka. Alikuwa na desturi ya kumshika mgonjwa vidole akimsalimia. Akaona kwamba kila asubuhi kucha zangu ni za waridi, na kila alasiri ni za buluu. Siku moja akajifanya anakwenda chumba cha dawa, akarudi kwa mlango wa nyuma, akanikuta mpira uko juu ya mto. Hakunigombeza. Aliurudisha, akakaa kitandani pangu, jambo lililokatazwa, akaniuliza nyumbani napikia nini. Nikamwambia jiko la makaa.

"Ukilijaza makaa halafu ukalifunika na sufuria pana, dada, kunakuwaje?"

Nikamwambia moto unafifia, makaa yakiwa tele.

Akaniambia kwamba ndivyo nilivyo. Penisilini inausukuma ugonjwa chini, lakini wanaoumaliza ni walinzi waliomo ndani ya damu ya mtu mwenyewe, na wale wanachoma vijidudu kwa hewa. Walinzi ninao, alisema, tena wamejaa pale kwenye pafu, wengi kupita kiasi. Lakini nimewafunika. Wamesimama na makaa yao yasiyowaka, wanachafua mahali na hawaunguzi kitu. Usiku nawafunua, wanaanza kazi, na asubuhi nawafunika tena. Sikuwa nimepata kusikia mtu akisema mambo hayo kwa lugha ya jikoni. Yaliniingia akilini yote. Moyo, hata hivyo, ulikuwa kwenye kopo, na kesho yake alfajiri nikautoa mpira tena.

Perpetua akaenda kumsubiri Athumani kwenye veranda. Alimweleza kwamba sasa pafu la kushoto nalo limeanza, na bwana mganga amesema kama hali ni hii, Idi hainikuti. Haya niliyajua baadaye. Athumani aliingia saa ya kutazama wagonjwa, akakaa, akaniuliza kama nataka chochote, akaondoka. Nilidhani hakuambiwa.

Siku iliyofuata alikuja adhuhuri, saa ambayo fundi wa Ramadhani hawezi kuacha cherehani hata nyumba yake ikiungua. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, na vidole vina chaki. Mama yake alikuwa amekaa miguuni pangu akivuta tasbihi. Mpira uko juu ya mto. Athumani alitusalimia, akamwambia mama yake shikamoo, akachukua jagi la maji lililokuwa juu ya kabati langu, akamimina gilasi hadi juu. Nilifikiri anataka kuninywesha, nikafunga meno.

"Baba Rukia, miye nimefunga," nikasema kwa shida.

"Najua," akasema. "Na miye nilikuwa nimefunga."

Akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa polepole mpaka mwisho, amesimama wima katikati ya wodi, jua liko utosini. Bi Mwanahamisi alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wagonjwa waliokuwa wakizungumza walinyamaza, kama walivyonyamaza siku ya mtungi.

Akaweka gilasi chini, akajifuta midevu kwa nyuma ya mkono. "Mama Rukia, siku hii nitailipa," akaniambia. "Weye ukinitoka, nitakulipa na nini?"

Nikaanza kulia, na kulia nako kunataka pumzi ambayo sikuwa nayo. Akanisubiri. Kisha akasema kwamba kesho adhuhuri atakuja tena, na akiukuta mpira juu ya mto atakunywa tena, na keshokutwa vile vile, mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo nichague ni nani kati yetu atakayejaza kopo. Hakuwahi kunitisha toka anioe. Hata hapo hakuwa ananitisha, alikuwa ananiomba.

Nikauokota mpira mwenyewe. Sikujua kuuingiza vizuri, akamwita Perpetua. Halafu nikaomba maji.

Nataka nikwambie ukweli, wewe uliyelala: sikupona kwa muujiza. Homa haikuondoka siku ile. Iliondoka kwa kujivuta, kama mgeni asiye na aibu, leo imepungua na kesho imerudi kuchukua ilichosahau. Lakini haikunishika tena adhuhuri. Kucha zangu zilibaki waridi asubuhi na alasiri, na Perpetua alikuwa akipita mbio anaziangalia na kuendelea na safari yake. Kichomi cha kushoto kilikwisha kwanza. Nywele zilinitoka kwa mafungu, mbavu nilizihesabu kwa kidole, na pete yangu ya ndoa ilianguka ndani ya bakuli la uji, nikaitafuta kwa kijiko. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, nyembamba. Vyote nilivyopoteza vilirudi. Nywele ndizo zilizochelewa kuliko vyote, na ziliporudi zilirudi na mawimbi ambayo sikuzaliwa nayo.

Lililouma ni nyumbani. Bi Mwanahamisi hakusema na mwanawe. Alimwekea futari, akageuza uso. Alikuwa amejenga jina lake juu ya funga ya mwanawe, na sasa wodi nzima ilimwona akinywa maji mchana kweupe, na kutoka wodini hadi Ngamiani maneno yalitembea haraka kuliko basi. Kuna wateja walioondoa vitambaa vyao. Athumani hakujieleza kwa mtu. Sheikh alimwambia kwamba kuiokoa roho ni jambo kubwa na asiwe na wasiwasi, lakini Athumani hakwenda kulitangaza hilo ili kujisafisha. Jioni alimleta Rukia, na kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa ndani, alimnyanyua dirishani kwa nje. Naona bado ule uso mdogo umebanwa kwenye nondo, unaniuliza kwa nini nimevaa kamba puani.

Kisha siku moja, kumi la mwisho, adhuhuri, nikamwona Bi Mwanahamisi mlangoni. Mkononi ana chungu kidogo kimefungwa kanga. Ulikuwa uji wa mchele wenye tui na hiliki, wa moto. Fikiria safari yake. Mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake, ametembea kutoka Ngamiani hadi hospitali mchana wa Ramadhani, harufu ya tui inamfuata, na kila baraza linamwona amebeba chakula. Alikaa, akafungua chungu, akaanza kunilisha mwenyewe. Hakutaja habari ya mtungi wala ya funga. Kijiko cha mwisho ndipo aliposema, "Mwanangu kafanya vyema," kisha akaniambia nifute mdomo.

Idi ilinikuta hospitali, hai. Perpetua, Mkristo yule, aliniletea mkate wa kumimina aliouagiza kwa jirani yake.

Nilirudi nyumbani katikati ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mvua zimepungua na jua linachungulia. Kopo langu lilikuwa mahali pake juu ya rafu. Nilipolishusha nikaona juu kabisa kuna kokwa moja safi, ngeni, si yangu. Siku chache baadaye Athumani hakunywa chai asubuhi, nikajua analipa.

Siku ile niliomba jiko. Bi Mwanahamisi alitaka kupika yeye, nikamkatalia kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nikapanga makaa, nikawasha kifuu, nikainama kupuliza. Pumzi ya kwanza iliishia njiani, nikakohoa. Ya pili ikafika. Ya tatu ikatoa cheche, na makaa yakaanza kushika wekundu kutoka katikati kwenda pembeni. Nilikaa pale nikiyatazama, machozi yananitoka, na yule mama akasema ni moshi. Nikasema ndiyo, ni moshi.

Adhana ililia wakati nabeba sinia. Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua chache, lakini nilipofika nilikuwa natweta. Athumani alikuwa ameshashika tende, imefika mdomoni. Hakuila. Aliishusha, akaisogeza taa ya chemli, akanyoosha mkono, akasema, "Nione vidole." Nikampa. Akavigeuza kwenye mwanga, kucha moja moja, hakuwa na haraka, mtu aliyeshinda na njaa tangu alfajiri. Pumzi yangu ilipotulia ndipo akafungua.

Akafanya hivyo kila futari, miaka yote tuliyokaa pamoja. Watoto waliozaliwa baadaye walikua wakidhani ni sehemu ya dini: adhana inalia, mama anatoa vidole, baba anaviangalia, watu wanakula. Mwaka niliotoa kokwa ya mwisho katika kopo nilimletea kopo tupu alione, akacheka, akatilia vifungo vyake.

Amefariki sasa. Ramadhani ikifika nafuturu na wajukuu, nyumba imejaa kelele, tambi, uji na kunde za nazi. Adhana inalia, na kila mtu ananyoosha mkono kuchukua tende. Mimi nanyoosha mikono yote miwili kwenye taa kwanza, navigeuza vidole, naziangalia kucha. Zikiwa za waridi namwambia, nipo. Kisha nakula.